Kona ya kuume: kona ndogo inayovunja miguu ya watu

Uliza shofere yeyote wa Beni, Butembo, Bunia ao Goma ni kona gani inayomsumbua zaidi. Atakujibu kwamba ni kona ya kushoto. Ana sababu yake. Katika nchi yetu tunatembea upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo mwenye kukata kushoto ni lazima avuke njia ya magari yanayokuja mbele yake. Kona ya kuume haina shida hiyo. Unafuata ukingo wa barabara, unazungusha usukani, umeshafika. Ndiyo maana wengi wanaiona kuwa kona ndogo, kona ya bure.

Mimi nasema kwamba kona hiyo ya bure ndiyo inapaswa kutuogopesha. Kwenye kona ya kushoto shofere anaogopa, na mwenye kuogopa anapunguza mwendo na kutazama. Kwenye kona ya kuume haogopi kitu, na hapo ndipo watu wanaumia.

Ukingo wa barabara yetu una watu

Vitabu vya udereva tulivyorithi viliandikwa kwa miji ambayo kando ya barabara kuna njia ya watembea kwa miguu, imeinuliwa, na magari hayaipandi. Katika vitabu hivyo, mwenye kukata kuume anazunguka kando ya jiwe, basi.

Sasa tazama ukingo wa barabara zetu. Saa moja asubuhi kuna wanafunzi wanaokwenda masomoni. Kuna mama aliyebeba mzigo wa ndizi mgongoni, uso umeinama chini. Kuna mtu anayesukuma chukudu yenye makaa ao magunia ya viazi, na kila mtu wa Kivu ya Kaskazini anajua kwamba chukudu yenye mzigo haisimami haraka. Kwenye pembe ya kona kuna wauza mafuta ya chupa, wale tunaowaita Kadhafi, na mbele yao pikipiki mbili ao tatu zinazongoja kujazwa. Halafu kuna motari anayepita kati ya gari na watu hao wote, kwa sababu hapo ndipo ameona nafasi.

Kwa hiyo si kweli kwamba mwenye kukata kuume havuki njia ya mtu. Anavuka njia ya nusu ya mji. Tofauti ni moja tu: wale anaowavuka hawana kioo, hawana chuma cha kuwakinga, na wengi wao hawamuoni kwa kuwa anatoka nyuma yao.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kwamba kila mwaka watu karibu 1.190.000 wanakufa barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao ni wenye kutembea kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Watu wa ukingo wa barabara, kwa neno lingine.

Namna ajali inavyotokea

Ajali ya kona ya kuume karibu kila mara inafanana na ile ya jana. Gari inatembea mbele, motari yuko nyuma kidogo upande wa kuume. Gari inapunguza mwendo. Taa ya kuonyesha upande haikuwaka, ao imewaka wakati magurudumu yamekwisha kugeuka. Motari anawaza kwamba gari inasimama ili kushusha mtu, naye anaongeza mafuta apite. Wakati huohuo shofere anakata. Mlango wa gari unaukuta mguu wa kushoto wa motari na mguu wa kushoto wa abiria wake.

Halafu yanafuata yale tunayoyajua. Wamotari wanafika kutoka kila upande, kundi linakuwa kubwa, shofere anafunga vioo ao anakimbilia polisi kusudi asipigwe. Huyu anasema: "Alinipita kuume!" Yule anajibu: "Hakuwasha taa!" Na kwa kweli, mara nyingi wote wawili wanasema ukweli. Lakini wakati wanabishana, aliyelala chini ni abiria ambaye hakushika usukani wala kuwasha taa. Mfupa wa mguu ukivunjika, ni miezi ya kukaa bila kazi. Na pale ambapo pikipiki haina bima, ao gari ina bima ya kuonyesha polisi tu, ni jamaa wanaouza mbuzi ao kipande cha shamba kusudi walipe hospitali.

Nani aanze kubeba mzigo?

Katika mazungumzo ya mitaani hukumu hutoka haraka: "Motari ndiye mwenye makosa, wamotari hawana akili." Sikubaliani na hukumu hiyo, hata kama najua mengi mabaya ya wamotari wetu.

Sababu yangu ya kwanza ni sheria. Nchi yetu ina sheria ya barabarani ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978, sheria namba 78-022. Tena, wakati wa Zaïre, nchi ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani. Mkataba huo uko wazi juu ya jambo hili. Mwenye kutaka kubadili njia yake ahakikishe kwanza kwamba hatawatia wengine katika hatari, na aonyeshe nia yake mapema. Pale tunapotembea upande wa kuume, mwenye kukata kuume ajisogeze karibu kabisa na ukingo wa kuume, na kona yake iwe fupi. Tena, akiingia katika barabara nyingine yenye kivuko cha watembea kwa miguu, aingie polepole na kuwaachia njia, hata kama ni lazima asimame. Mzigo wa kwanza umewekwa juu ya yule anayeacha mstari ulionyooka. Ni haki iwe hivyo, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayejua mahali anapokwenda.

Sababu ya pili ni uzito. Motari akikosea, mara nyingi anaumia yeye na abiria wake. Shofere akikosea, anaumia mwingine. Mwenye chombo kizito aanze kuwa mwangalifu.

Kuna watakaoniambia: lakini wamotari wanapita kuume, wanapita kushoto, wanabeba watu watatu, wengi hawana permi. Ni kweli, na nitarudi kwao. Lakini shofere wa Kongo hawezi kusema kwamba kuwapo kwa motari upande wa kuume kumemshangaza. Wako pale kila siku, kila saa, tangu miaka mingi. Unaloliona kila siku haliwezi kuwa la ghafla. Mwenye nyumba aliyezaa watoto hafungi mlango kwa nguvu bila kutazama kama kuna vidole.

Usukani wa kuume na taa za kushoto

Hapa mashariki tuna jambo lingine ambalo vitabu hivyo havikulifikiria. Magari yetu mengi yametoka Japani, yamepita Mombasa ao Dar es Salaam, na usukani wake uko kuume. Yalitengenezwa kwa nchi ambapo watu wanatembea upande wa kushoto.

Wenye magari hayo wanapenda kusema kwamba kwenye kona ya kuume wao wana faida, kwani wanakaa karibu na ukingo na kuuona vizuri. Ni kweli nusu. Ukifika kwenye njia panda na kutaka kuingia kuume, magari unayopaswa kuyaangalia yanatoka kushoto. Mwenye usukani wa kuume hayaoni vizuri, kwa sababu abiria wake amekaa katikati ya macho yake na barabara. Basi anainama mbele, ananyoosha shingo kushoto, anamuuliza abiria: "Kuna gari?" Abiria anajibu: "Pita!" Naye anakanyaga mafuta, macho yakiwa bado kushoto, wakati gari inakwenda kuume. Mtoto aliyeanza kuvuka upande wa kuume anaonekana wakati amekwisha kuwa mbele ya gari.

Mwenye usukani wa kushoto naye ana kosa lake. Yeye anaona kushoto vizuri, lakini ukingo wa kuume uko mbali naye. Nyuma ya mlango wa kuume kuna sehemu ambayo kioo hakiionyeshi, na pikipiki nzima inaweza kujificha humo.

Usiku hali inazidi. Taa ndogo za gari hazimuliki sawa pande zote mbili: upande wa ukingo zinainuka kidogo, kusudi zimuonyeshe mwenye kutembea kwa miguu, na upande wa gari inayokuja zinashuka, kusudi zisimchome macho. Gari iliyotengenezwa kwa Japani inainua mwanga upande wa kushoto. Ikitembea kwetu bila kubadilishiwa taa, inamchoma macho shofere anayekuja mbele, na ukingo wa kuume inauacha katika giza. Katika mitaa isiyo na umeme, mwenye gari kama hiyo anapokata kuume usiku anaingia mahali ambapo taa zake hazikufika. Akitembea kwa mwendo wa mchana, anacheza kamari na maisha ya mtu.

Tena kuna mlango wa taxi-bus. Katika basi ndogo nyingi za Japani, mlango wa abiria unafunguka upande wa kushoto. Huko kwao ni upande wa ukingo, lakini kwetu ni katikati ya barabara. Basi ikisimama karibu na kona, abiria wanashuka ndani ya njia ya magari. Motari wa nyuma anafanya nini kusudi asiwagonge? Anapita kuume, hapohapo ambapo shofere ataingiza gari akianza kukata kona. Basi, kabla ya kusema kwamba motari hana akili, tuulize kwanza ni nani aliyemfungia njia ya kushoto.

Lori refu linadanganya

Juu ya malori, kila mtu mwenye pikipiki asome maneno haya mara mbili. Lori refu haliwezi kukata kuume kwa kufuata ukingo kama gari ndogo. Magurudumu ya nyuma hayapiti mahali pa yale ya mbele. Yanapita ndani zaidi, karibu na pembe ya kona. Kwa hiyo shofere wa lori anaanza kwa kwenda kushoto kidogo, halafu ndipo anakata kuume.

Motari akiona lori linasogea kushoto anafikiri kwamba limemwachia njia. Anaingia katika ile nafasi iliyofunguka upande wa kuume. Nafasi ile ni mtego. Muda mfupi baadaye inajifunga, na shofere aliye juu kule haoni kitu chini ya mlango wake. Lori likiwasha taa ya kuume, hata kama limegeukia kushoto, kaa nyuma. Hakuna abiria anayekimbia kiasi cha kustahili kupita hapo.

Kasindi na Mpondwe: kona moja, maana mbili

Kwa watu wa Beni na Butembo kuna la kuongeza. Kasindi iko kilometa karibu 80 kutoka Beni kwa barabara ya taifa namba 4. Ukivuka mpaka na kuingia Mpondwe, upande wa Uganda, unatembea kushoto. Pale, kona ya kuume ndiyo kubwa: ni lazima ungoje magari yanayokuja mbele, uvuke njia yao, kisha uingie upande wa mbali. Mambo ni hayohayo kwa wanaopita Bunagana, Mahagi ao Aru, na kwa ndugu zetu wa Katanga wanaovuka Kasumbalesa kwenda Zambia. Kwenda Rwanda ao Burundi hakuna mabadiliko. Huko wanatembea upande wa kuume kama sisi.

Shofere anayeishi kati ya nchi hizo mbili hubeba mazoea ya upande mmoja kwenda upande mwingine. Katika barabara iliyonyooka magari mengine yanamkumbusha. Ni kwenye kona anaposahau, zaidi sana asubuhi mapema, wakati barabara haina mtu: anakata kuume kwa kona pana ya Uganda na kujikuta upande wa kushoto, uso kwa uso na anayekuja. Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kila kona katika siku ya kwanza baada ya mpaka, jiambie kwa sauti upande unaouingia. Abiria wakicheka, wacheke.

Namna ya kukata kuume bila kuumiza mtu

Wengi wetu tulifundishwa kuongoza na ndugu ao rafiki, katika uwanja wa mpira. Kwa hiyo haya si maneno ya kumdharau mtu.

Kwanza, washa taa mapema, angalau mita 30 kabla ya kona, wakati bado hujakanyaga breki. Taa inayowaka pamoja na kugeuka haimsaidii mtu. Kama taa imekufa, nyoosha mkono ao mwambie abiria aonyeshe, na siku hiyohiyo uitengeneze.

Pili, tazama kioo cha kuume, halafu geuza shingo na utazame wewe mwenyewe nyuma ya bega la kuume. Kioo hakionyeshi yote.

Tatu, jisogeze polepole karibu na ukingo kabla ya kufika kwenye kona. Ukiacha nafasi ya mita moja na nusu upande wako wa kuume, umemwalika motari. Ukiifunga nafasi hiyo mapema na polepole, motari anaelewa na anabaki nyuma ao anapita kushoto. Lakini kama amekwisha kuingia, usimbane: mwache apite kwanza.

Nne, punguza mwendo kabla ya kona, usingoje uwe ndani yake. Kona ya mjini ipitwe kwa mwendo wa mtu anayekimbia, si zaidi.

Tano, ukiwa unaingia katika barabara kubwa, tazama kushoto, halafu kabla magurudumu hayajatembea, rudisha macho kuume. Jicho la mwisho liwe upande unaokwenda. Kama ningepaswa kuchagua shauri moja tu kati ya haya yote, lingekuwa hili.

Sita, waachie watu wanaovuka barabara unayoiingia. Kupiga klaksoni si kuwaachia. Wengine wanafikiri kwamba haki ya kupita kwanza ya mwenye kutoka kuume inawapa ruhusa ya kukimbia. Haki hiyo inahusu magari kwa magari. Haimhusu mama mwenye mzigo.

Kwa wamotari nina mambo mawili. Karibu na njia panda, usipite gari upande wa kuume, hata kama barabara yote imejaa na mteja anapiga kelele nyuma yako. Na kama huoni uso wa shofere katika kioo chake, jua kwamba naye hakuoni.

Na wenye mamlaka?

Haitoshi kuwaambia watu wawe waangalifu. Pembe za kona zetu zimejaa meza za biashara, magari yaliyosimamishwa na chupa za mafuta. Shofere hawezi kumuona mtoto aliye nyuma ya meza. Kuacha wazi mita kumi kabla na baada ya kila njia panda kubwa hakuhitaji wafadhili wala mkopo. Kunahitaji meya anayetaka, rangi ya kuchora mistari, na mahali pengine pa kweli pa kuwahamishia wauzaji, kusudi wasirudi baada ya siku tatu. Basi za abiria nazo zipewe mahali pa kusimama mbali na kona.

Polisi wa barabarani (PCR) tunawaona kwenye kona kila siku, na mara nyingi wanauliza karatasi. Karatasi ni sawa. Lakini ni mara ngapi umemuona shofere akisimamishwa kwa sababu amekata kuume bila taa? Tume ya taifa ya kuzuia ajali barabarani (CNPR) na vyama vya wamotari na vya mashofere wangeweza kukaa pamoja na kuamua jambo moja: mwezi mmoja wa kufundisha kona ya kuume katika vituo vya pikipiki na vya basi, kwa Kiswahili, na baada ya mwezi huo, adhabu kwa anayekaidi, motari na shofere sawasawa. Wakati wa kukagua magari, watazame pia taa za mbele, si rangi ya karatasi tu.

Barabara zetu hazitapanuka kesho, na wamotari hawatapungua. Kazi nyingine kwa vijana ni chache. Watoto wataendelea kutembea ukingoni kwa sababu hawana mahali pengine pa kupita. Kugeuza shingo kuume kabla ya kukata kunachukua sekunde moja. Mguu uliovunjika unachukua miezi sita, na wakati mwingine haurudi kuwa ulivyokuwa.